Jiwe la baba na mwana

Sisi watoto wa nyumba moja tulipata ugomvi juu ya daftari. Baba yetu alianza kuandika ndani yake majina ya ukoo, akafika katikati, ugonjwa ukamshika, akafariki. Ndugu yetu mdogo akaendelea. Mwandiko wa baba ni mwembamba, wa mdogo wetu ni mnene. Wengine kati yetu wakasema: «Tuandike yote upya, juu mukono haifanane.»

Hapo tukakumbuka hadithi moja ya Wachina.

Karibu na mji wa Shaoxing, katika jimbo la Zhejiang, kuko bustani yenye kuitwa Lanting, ndiyo kusema Banda la Okidi. Mwaka 353, Wang Xizhi, ambaye Wachina wanamhesabu mkubwa wa mafundi wote wa mwandiko, alikusanya huko watu zaidi ya 40. Walikaa kando ya kijito, wakanywa pombe, wakatunga mashairi. Yeye akayaandikia dibaji ambayo wanafunzi wa mwandiko wanaiiga mpaka leo.

Bwana huyo alipenda sana bata bukini. Ndiyo maana ndani ya bustani kuko ziwa dogo, na kando yake jiwe lenye herufi mbili tu: «Ziwa la Bata Bukini.» Herufi ya kwanza ni nyembamba, ya pili ni nene. Wazee wanasimulia hivi: Wang alipomaliza herufi ya kwanza, amri ya mfalme ikafika. Akaweka brashi chini, akaenda kuipokea. Nyuma yake mtoto wake Wang Xianzhi akakamata brashi, akaandika ya pili. Ikabaki vile.

Hiyo ni hadithi ya wazee, hatuwezi kuiapia. Lakini Xianzhi kweli alikuwa fundi, na Wachina wanawataja wote wawili pamoja. Na katika bustani ile ile kuko jiwe lingine kubwa: upande wa mbele ni mwandiko wa mfalme Kangxi, upande wa nyuma ni wa mjukuu wake Qianlong. Hakuna anayeona haya juu ya mikono miwili.

Basi tukapatana: daftari libaki vile liko. Mama alitusikiliza, akafungua mwisho wake, akauliza: «Na hizi paje zenye kubakia, nani atazijaza?»

Tukaangaliana. Swali hilo tunawaachia na ninyi, ndugu wasomaji.