Slaidi Kavu
Nilizaliwa Bukoba, kahawa ikanilipia karo, nikaingia maabara kwa kuwa nafasi za uuguzi zilikuwa zimejaa. Hayo yanatosha. Mwaka jana nilistaafu, na maadamu sina tena bosi, acha niseme langu kuhusu slaidi kavu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Kiganda. Ujanani alianzia kuosha vioo katika hospitali ya Mulago, Kampala, enzi za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeandika mwaka 1958 juu ya watoto wenye uvimbe wa taya. Mzee hakuwa na shahada. Akiletewa mtoto aliyevimba shavu, meno yanalegea, alichoma sindano nyembamba, akapaka slaidi mbili: moja ndani ya spiriti papo hapo, nyingine akaipungia hewani hadi ikauka, ndipo akaitia rangi ya Giemsa. Jibu lilikuwa kwenye ile kavu: seli za mviringo zinazolingana, ute wa buluu iliyokolea, vitundu vidogo vya mafuta vimetapakaa. Kansa hiyo, limfoma ya Burkitt, hukua kwa kasi ya kutisha, na dawa huiyeyusha ikiwahiwa. Nani angoje wiki tatu majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa?

Baadaye akaja maabara kwetu daktari bingwa mmoja, jina nalihifadhi. Akaamuru kila slaidi iende kwenye spiriti. Kukausha, alisema, ni ushamba. Tulibishana miaka. Spiriti huonyesha kiini cha seli vizuri, sikatai. Lakini njoo kwenye tezi za mate. Madonge ya kansa ya adenoidi sistiki, kwenye spiriti, hupauka kama glasi ukayapita. Giemsa huyatia zambarau, yakaonekana ya mviringo, yenye kingo kali. Pleomofiki adenoma, ambayo si kansa, nayo ina zambarau hiyo, ila ya nyuzinyuzi, seli zimezama ndani yake. Ukizichanganya, mmoja anapasuliwa kupita kiasi, mwingine nusunusu.

Nyinyi vijana mna Mfumo wa Milan wa kuripoti seli za tezi za mate, uliotoka kwanza mwaka 2018, na makundi yake sita nayapenda. Lakini mnasoma slaidi ya mtu msiyemwona! Shikeni uvimbe. Ulizeni umri, ulizeni kama uso umepooza. Na mkikausha, kausheni upesi. Seli zikichelewa kukauka huharibika umbo, halafu mnalaumu njia.

Kwenye hafla ya kuniaga, bingwa alisifu sana uvumilivu wangu. Mwongozo mpya aliousaini unadai slaidi mbili, moja kavu. Waliotajwa kwenye shukrani ni wengi; mzee hayumo.