Lori Lisilobeba Mzigo

Msomaji mpenzi, kama siku moja Mungu akikujalia kufika Los Angeles, mji ule mkubwa wa jimbo la California katika Marekani, usikawie mjini. Shika njia ya mashariki, uende maili kama 30, utafika Pomona. Upande wa kaskazini utaiona milima ya San Gabriel, na kilele chake kimoja kinapita futi 10,000, hata wakati wa baridi huvaa theluji, na wewe uliye chini umevaa shati tu. Zamani bonde hili lilijaa mashamba ya michungwa. Siku hizi mashamba yamekwisha, zimebaki nyumba na barabara, na katika ua wa mtu mmoja mmoja utakuta mchungwa mzee ambao hakuna aliyekuwa na moyo wa kuukata.

Nyumba nyingi za huko ni za chini, na kila nyumba ina chumba chake cha gari, mlango wake mpana ukitazama barabara. Walakini usidhani ya kuwa gari hulala mle. Mara nyingi gari hulala nje, na chumba kimejaa vyuma, spana na makopo ya rangi. Ukipita jioni utasikia nyundo.

Mimi nilikaa huko majuma kadha wa kadha kwa jamaa zangu, na nyundo ya jirani ndiyo iliyoniita. Jirani huyo ni mzee wa miaka zaidi ya 75, aliyefanya kazi ya kuchomelea vyuma maisha yake yote, na sasa amestaafu. Alikuwa na mjukuu wake, kijana wa miaka 17. Katikati ya chumba, juu ya magogo manne ya chuma, palikaa gari dogo la mizigo, Ford ya aina ya Model A ya mwaka wa 1931. Lilikuwa mali ya baba yake mzee yule, aliyelitumia kuchukulia machungwa.

Nikamwuliza, “Mzee, likiisha litabeba nini?”

Akajibu, “Halitabeba kitu.”

Nadhani wewe msomaji, ambaye magunia yako ya mahindi yamewahi kungoja lori kando ya njia siku tatu, utakasirika. Hata mimi nilikasirika kidogo. Mtu ana lori, ana fedha, ana miaka minne akilitengeneza kila jioni, wala halitabeba hata debe moja! Nikavuta kiti ili nione upumbavu huu mpaka mwisho.

Magari ya namna hii wenyewe huyaita hotirodi. Ni gari la zamani lililopunguzwa uzito na kutiwa injini yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Asili yake ni umaskini, si utajiri. Tangu mwaka wa 1908 hata 1927 kampuni ya Ford ilitengeneza magari ya Model T zaidi ya milioni 15, kisha ikaja Model A. Basi katika miaka ya 1930 magari makuukuu yalikuwa tele, na kijana asiye na kitu aliweza kujipatia moja. Akaling’oa madigadi, akaling’oa boneti, akatupa kila kilicho kizito, ili injini ile ndogo ipate nafuu. Mwaka wa 1932 Ford ikaleta injini ya silinda nane, nne kulia na nne kushoto, yenye nguvu za farasi 65, hali ile ya Model A ilikuwa na 40 tu. Tena ilikuwa ya bei ambayo watu wa kawaida waliiweza. Vijana wakaanza kuzitafuta katika magari yaliyovunjika na kuzitia katika yale mepesi.

Waliyajaribu wapi? Nyuma ya milima ile kuna jangwa liitwalo Mojave, na ndani yake yako maziwa yaliyokauka, tambarare kama sakafu. Huko ndiko walikokwenda kushindana. Mwaka wa 1937 vikundi vyao viliungana vikafanya chama, Southern California Timing Association, cha kupima mwendo na kuweka sheria. Baada ya vita kuu ya pili askari walirudi, wengine wakiwa wamejifunza ufundi wa ndege na vifaru, na karakana za nyumbani zikaongezeka sana. Mwaka wa 1948 likatoka gazeti lao, Hot Rod.

Lakini si wote waliokwenda jangwani. Wengi walishindana usiku katika barabara za mjini, na watu walikufa. Ndiyo maana mwaka wa 1951 Bwana Wally Parks alianzisha chama cha kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali pao, na mashindano ya kwanza ya chama hicho yalifanyika mwaka wa 1953 hapo hapo Pomona, katika uwanja wa maonyesho.

Sasa turudi karakanani, maana huko ndiko nilikojifunza.

Chesi ya Model A ni vyuma viwili virefu, na kila kimoja kina umbo la mfereji, upande mmoja wazi. Kwa nguvu za farasi 40 vinatosha. Mzee alikuwa na injini ya mwaka wa 1949 yenye nguvu za farasi 100, na nguvu hiyo ingeipinda chesi ile. Basi aliufunika mfereji kwa bamba la chuma, kutoka mwanzo hata mwisho, ukawa kama sanduku refu. Unadhani ni kazi ya siku moja? Ukichomelea mfululizo, joto linaipinda chesi kama ubao mbichi ulioanikwa juani. Huchomelea inchi moja hapa, akahamia mwisho wa pili akachomelea inchi moja, akaacha ipoe, akanywa kahawa, akapima kwa kamba. Kazi ya kahawa ilikuwa kubwa kuliko ya moto.

Na injini yenyewe ina ugonjwa wake wa kuzaliwa. Valvu zake zimekaa ubavuni mwa silinda, na moshi hauna njia ya kutoka ila kupita katikati ya chuma cha injini, karibu na maji. Basi maji huchemka upesi, na chuma hupasuka kati ya valvu na silinda. Ford walitia pampu mbili za maji, moja kila upande, lakini hata hivyo joto halikwisha. Injini mbili za kwanza alizonunua mzee katika soko la vyuma vikuukuu zilikuwa na ufa. Ile ya tatu aliipaka mafuta mepesi, akaifuta, akaipaka unga mweupe, akasubiri kama mafuta yatajitokeza katika mstari. Hayakujitokeza. Mke wake akaniambia siku hiyo alikula chakula cha watu wawili.

Vijana wengi hukata nguzo za kibanda cha dereva na kulishusha paa inchi tatu au nne, gari lionekane limekunja uso. Mzee alikataa. Alisema shingo yake haina springi.

Hata ikafika habari ya breki. Model A ina breki katika magurudumu yote manne, lakini huvutwa kwa fito za chuma tu, na fito moja ikilegea, gurudumu moja hushika na jingine halishiki. Ford hawakutia breki za mafuta mpaka magari ya mwaka wa 1939. Basi wajenzi wa hotirodi huchukua breki za magari ya miaka hiyo na kuzifunga katika lile la zamani. Pedali yake lazima ikae chini ya sakafu, juu ya kipande cha chuma kilichochomelewa katika chesi. Kazi hiyo mzee alimpa mjukuu.

Kijana aliifanya kwa haraka, maana Jumapili ile yalikuwapo mashindano ya El Mirage, na babu alikuwa amemwahidi kwamba lori likiwa tayari watakwenda nalo kutazama. Alhamisi jioni injini ilikwisha kaa mahali pake. Mzee akalala chali chini ya lori na taa. Alikaa kimya kitambo. Kisha akanyosha mkono akaomba mashine ya kukatia chuma.

Kijana akasema, “Babu, inashika. Nimeipiga nyundo.”

Mzee akasema, “Imeshika juu, mjukuu wangu. Chini haikuingia.”

Cheche zikaruka, na kazi ya siku tatu ikaanguka sakafuni, kang! Kijana akavua glavu zake, akaziweka mezani polepole, akaenda zake ndani.

Mzee hakuinuka. Aliniambia mambo yake akiwa vile vile chini ya lori, nami nikiiona miguu yake tu. Kaka yake mkubwa alikuwa na gari la Model A, naye alilitia injini ya silinda nane katika chumba hiki hiki. Breki aliacha zile zile za fito, akasema atazibadilisha akipata fedha. Usiku mmoja alishindana na mwenzake barabarani. Mzee alikuwa na miaka 15 wakati huo. Baada ya maziko baba yao alilifunga lori la machungwa, akauweka ufunguo mfukoni, wala hakumruhusu mtu kuligusa mpaka alipofariki yeye mwenyewe.

Sikumwuliza tena habari ya mzigo.

Jumapili ile, baada ya misa ya kwanza, tulikwenda El Mirage kwa gari la kawaida la mzee. Njia inapanda mlima kwa pengo la Cajon, futi kama 4,000 kutoka usawa wa bahari, kisha inashuka jangwani, penye miti ya ajabu yenye mikono iliyoinuka na majani kama visu. Kijana alikaa nyuma, hakusema neno. Ziwa lenyewe ni udongo mtupu uliopasuka vipande vidogo vidogo, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mvua ikinyesha hugeuka tope, na mashindano huahirishwa. Magari huenda moja moja, si mawili bega kwa bega. Moja likiondoka, unaona vumbi tu likijinyosha nyuma yake kama moshi wa shamba linalochomwa, kisha sauti inakufikia baadaye.

Lakini mimi nilipendezwa zaidi na mahali pa ukaguzi. Hapo kila gari hufunguliwa na watu wazima wenye taa na vioo vidogo, wanaangalia mikanda, usukani, mabomba ya petroli na breki. Gari moja zuri mno, jekundu, lilikataliwa. Mwenyewe alikuwa amesafiri usiku kucha. Hakugombana, akalirudisha juu ya tela lake. Kijana wetu alilitazama gari lile mpaka likafunikwa turubai.

Jumatatu jioni nikasikia tena nyundo. Mara hii kijana alikuwa peke yake, na mzee alikaa nje chini ya mchungwa, mgongo wake kwa mlango, akijifanya anasoma gazeti. Kipande kile kilichukua siku nane. Alikikata vipande viwili vya mfano kwanza, akavichomelea, akavivunja kwa nyundo katika jiliwa ili aone moto umeingia mpaka wapi.

Jioni ya mwisho kabla sijaondoka, lori lilitoka nje. Halikuwa na rangi, ila ya kijivu ya kwanza, na madigadi hayakuwapo. Mzee alichora mstari wa chaki barabarani, akamwambia kijana aje kwa maili 20 tu na akanyage mguu kwenye alama ya pili. Majirani walitoka. Mke wa mzee alisimama mlangoni, kitambaa mkononi. Lori lilikuja likinguruma kwa sauti nene, likapita alama, na magurudumu yote manne yakashika. Lilisimama futi mbili kabla ya chaki.

Watu wakapiga makofi. Mzee alikuwa amekwisha piga magoti, anatazama nyayo za magurudumu katika lami.

“Inavuta kushoto,” akasema. “Irudishe ndani.”