Wolfsburg, mji uliozaliwa na ahadi ya gari la familia

Treni ya mwendo kasi kutoka Berlin hufika Wolfsburg kwa muda wa saa moja hivi, ikiwa dereva atakumbuka kusimama. Si mzaha. Imewahi kutokea zaidi ya mara moja treni ikapitiliza kituo, abiria wakabaki kuutazama mji ukiachwa nyuma dirishani, na magazeti ya Ujerumani yakapata la kucheka kwa wiki nzima.

Anayefanikiwa kushuka hahitaji kuuliza njia. Mbele yake, ng'ambo ya mfereji ambamo matishari ya mizigo hupita polepole, limenyooka jengo la matofali lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Ubavuni mwake yamesimama mabomba manne ya moshi. Hicho ndicho kiwanda mama cha Volkswagen. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 6.5, na mji wenye watu zaidi ya 120,000 umekaa upande wa pili wa maji, kama nyumba za wafanyakazi zinavyokaa mbele ya lango la shamba.

Miji mingine ya Ujerumani ina makanisa na masoko yenye umri wa miaka mia saba au minane. Hapa kiwanda kilitangulia, watu wakafuata.

Kando ya kiwanda kuna bustani kubwa ya maonyesho iitwayo Autostadt, yaani mji wa magari, iliyofunguliwa mwaka 2000. Ndani yake kuna minara miwili ya kioo yenye urefu wa mita 48, kila mmoja ukiwa na nafasi ya magari 400 yaliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa kama viatu kabatini. Mjerumani aliyenunua gari jipya anaweza kuja kulichukua hapa mwenyewe, na wengi huja na familia nzima. Mashine hulishusha gari kutoka mnarani, funguo hukabidhiwa, picha hupigwa, watoto hufungwa mikanda kiti cha nyuma na safari ya kurudi nyumbani huanza.

Ni siku ya furaha, na hakuna sababu ya kuibeza. Ila familia za kwanza zilizoahidiwa siku kama hiyo mahali hapa hazikuipata.

Stempu za marki tano

Jina Volkswagen maana yake ni gari la wananchi. Miaka ya 1930 Mjerumani wa kawaida alikwenda kazini kwa baiskeli au pikipiki, na gari lilikuwa mali ya wakubwa. Adolf Hitler alimtaka mhandisi Ferdinand Porsche atengeneze gari dogo litakaloweza kubeba baba, mama na watoto watatu, likimbie kilomita 100 kwa saa na liuzwe kwa bei isiyofika marki 1,000. Mei 1938 yeye mwenyewe aliweka jiwe la msingi la kiwanda, na Julai mwaka huohuo mji ukaanzishwa rasmi. Fedha nyingi za ujenzi zilitokana na mali za vyama vya wafanyakazi ambazo Wanazi walikuwa wamezipora mwaka 1933.

Bei ilitangazwa kuwa marki 990. Asiyekuwa na fedha taslimu, na ndio waliokuwa wengi, alipewa kitabu cha akiba. Kila wiki alinunua stempu ya marki tano au zaidi na kuibandika. Kwa marki tano, familia ilihitaji karibu miaka minne kukijaza kitabu. Riba haikuwepo. Watu wapatao 336,000 walijiunga, na mzazi yeyote aliyewahi kuchangia kiwanja kidogo kidogo anaijua hesabu ya aina hiyo: nyama inapunguzwa, viatu vya mwaka jana vinavaliwa tena mwaka huu.

Vita ikaanza Septemba 1939. Kiwanda kikageuzwa kutengeneza magari ya jeshi na silaha. Hakuna hata mwekaji akiba mmoja aliyekabidhiwa gari lake kwa stempu zile.

Baada ya vita baadhi yao walikwenda mahakamani, na kesi ikaburuzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1961 ndipo yalipofikiwa makubaliano: mwenye kitabu alichojaza apate punguzo la hadi marki 600 kwa gari jipya, au alipwe marki 100 mkononi. Wakati huo mtoto aliyezaliwa mwaka kitabu kilipofunguliwa alikuwa amefika umri wa kujinunulia gari mwenyewe.

Watoto wa Rühen

Sehemu hii ni nzito, na mzazi anaweza kuisoma kwanza peke yake kabla ya kuamua atawaeleza nini watoto.

Wanaume wa Kijerumani walipopelekwa vitani, kiwanda kilijazwa watu waliolazimishwa kufanya kazi. Kwa miaka yote ya vita walifika kama 20,000: raia waliochukuliwa Poland na Umoja wa Kisovieti, Wafaransa na Waholanzi, wanajeshi Waitaliano waliokamatwa, wafungwa wa kambi za mateso, wakiwemo Wayahudi. Waliishi kwenye mabanda yaliyozungukwa na uzio, palepale ambapo leo kuna mitaa na maduka.

Miongoni mwao walikuwamo wanawake wa Kipolandi na wa Kisovieti waliojifungua wakiwa huko. Mama alirudishwa kazini baada ya siku chache. Mtoto alichukuliwa na kuwekwa kwenye makao yaliyokuwa chini ya kiwanda, ambayo mwaka 1944 yalihamishiwa kijiji cha Rühen, si mbali na mji. Makao ni neno la heshima isiyostahili. Watoto hawakulishwa inavyopaswa, vyumba vilikuwa vichafu, maradhi yakaenea, na waliokuwa na dhamana waliendelea kupokea wengine. Zaidi ya watoto wachanga 300 walikufa. Mwaka 1946 mahakama ya kijeshi ya Waingereza ilimhukumu kifo daktari wa kiwanda, Hans Körbel, na mwaka uliofuata hukumu hiyo ikatekelezwa.

Kwa miongo kadhaa habari hizo hazikuzungumzwa sana mjini. Katika miaka ya 1980 kampuni ilimpa mwanahistoria Hans Mommsen kazi ya kuichunguza historia yake wakati wa Wanazi, na kitabu chake kinene, alichoandika na Manfred Grieger, kikatoka mwaka 1996. Mwaka 1998 ukaundwa mfuko wa kuwasaidia waliolazimishwa kazi, wale waliokuwa bado hai. Mwaka 1999 likafunguliwa eneo la kumbukumbu ndani ya kiwanda, kwenye moja ya mahandaki ya kujikinga na mabomu. Vyumba ni vidogo na dari liko chini. Mtu haingii hivihivi kama anavyoingia Autostadt. Inabidi aombe nafasi mapema, na inafaa kuomba.

Meja Mwingereza na gari lisilo na rejeta

Wamarekani waliuteka mji Aprili 1945. Mwezi uliofuata ukapewa jina la Wolfsburg, kutokana na kasri la zamani lililokuwa hapo kabla ya kiwanda. Kisha eneo likawa chini ya Waingereza, na Agosti akafika meja mmoja mhandisi, Ivan Hirst, aliyeagizwa kukisimamia kiwanda ambacho sehemu yake ilikuwa imebomolewa kwa mabomu.

Hirst alijua jeshi lina uhaba wa magari. Alitafuta gari moja la zamani, likapakwa rangi ya kijeshi, likapelekwa makao makuu kuonyeshwa, na oda ya magari 20,000 ikapatikana. Oda hiyo ndiyo iliyokiokoa kiwanda kisivunjwe. Watengenezaji wa magari wa Uingereza walipokuja kukikagua, hawakuona kitu cha maana. Kwa maoni yao gari lile la mgongo wa mviringo lisingeuzika.

Walikosea mno. Mwaka 1948 Mjerumani Heinrich Nordhoff alikabidhiwa uongozi, na Agosti 1955 gari la milioni moja likatoka. Wajerumani waliliita Käfer, yaani mbawakawa. Dunia inalijua zaidi kwa jina la Beetle. Februari 1972 lilivunja rekodi ya Ford Model T kwa idadi ya magari ya aina moja, na la mwisho kabisa, likifikisha jumla ya magari zaidi ya milioni 21 tangu mwanzo, liliundwa Puebla nchini Mexico mwaka 2003.

Sifa hiyo haikujengwa na uzuri. Injini ilikaa nyuma na ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo hapakuwa na rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka. Hirst na baadaye Nordhoff walisisitiza kwamba gari lisiuzwe mahali ambapo hapana fundi na vipuri. Katika joto na vumbi mambo hayo mawili yalitosha. Afrika Mashariki ililiona hilo mapema: mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, na Volkswagen ikashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Hata neno kombi, linalojulikana na kila Mswahili wa umri fulani, lina asili hii. Ni kifupi cha neno refu la Kijerumani la gari linalobeba watu na mizigo, na magari hayo yalianza kuundwa Wolfsburg mwaka 1950.

Mji nao ukakua. Kuanzia Januari 1962 waliletwa vijana wa Kiitaliano, maelfu kwa mwaka mmoja, wengi wakiwa wameacha wake na watoto kwao. Walilazwa kwenye mabanda yenye uzio. Wengine walirudi, wengine wakaleta familia, na leo baadhi ya wajukuu wao ni wafanyakazi wa kiwanda hichohicho. Ndiyo maana kahawa ya Wolfsburg si mbaya.

Kuna na soseji. Tangu mwaka 1973 kampuni hutengeneza soseji zake yenyewe kwa ajili ya mabwalo ya chakula, na zina namba ya kipuri kama breki au taa: 199 398 500 A. Kuna miaka ambayo soseji zilizotoka zilizidi magari yenye nembo ya Volkswagen. Mwaka 2021 bwalo moja la makao makuu lilipoacha kupika nyama, Kansela wa zamani Gerhard Schröder alilalamika hadharani, na miaka miwili baadaye soseji ikarudi. Mzazi asiyetaka watoto wale nguruwe ajue mapema kwamba ndiyo iliyomo.

Hesabu ya moshi

Kampuni iliyopewa uhai wa pili kwa uaminifu wa mafundi wake ilikuja kujiumiza yenyewe. Septemba 18, 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu ya udanganyifu. Gari likiwa kwenye mashine ya kupimwa, programu ilitambua na kupunguza moshi wenye sumu. Likirudi barabarani, liliachia gesi za oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Ni gesi inayochokoza mapafu, na watoto wenye pumu huathirika upesi.

Magari yenye programu hiyo yalikuwa kama milioni 11 duniani. Wengi walikuwa wameyanunua kwa kuwa waliambiwa dizeli hiyo ni safi. Mkurugenzi mkuu Martin Winterkorn alijiuzulu siku tano baada ya tangazo. Faini, fidia na gharama nyingine zimepita euro bilioni 30. Mei 2025 mahakama ya mji jirani wa Braunschweig iliwatia hatiani watu wanne waliokuwa na vyeo katika kampuni, wawili kati yao wakapewa vifungo vya jela. Haikuwa hitilafu ya mtambo. Kuna watu walikaa mezani wakaamua.

Ajabu ni kwamba magari yaliendelea kuuzika. Jina lililojengwa kwa miaka sabini halibomoki kwa siku moja, ingawa mwenye jina hilo asingejivunia sana jambo hilo.

Kwa familia inayopita Wolfsburg siku hizi, watoto watapenda zaidi phaeno, jumba la sayansi lililo mkabala na kituo cha treni. Lilisanifiwa na Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2005. Limeinuliwa juu ya nguzo nene kama miguu ya tembo, na ndani yake kila kitu kinashikwa na kuchezewa. Nusu siku huisha humo bila ugomvi.

Wazazi wa mjini wenyewe wana mawazo mengine. Wauzaji wa China wamechukua sehemu kubwa ya soko, magari ya umeme hayajaleta faida iliyotarajiwa, na Desemba 2024 kampuni na chama cha wafanyakazi walikubaliana kupunguza nafasi za kazi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani hadi mwaka 2030. Golf, gari lililoulisha mji tangu mwaka 1974, litahamishiwa Mexico. Katika makubaliano hayohayo, nafasi za vijana wanaopokewa kila mwaka kujifunza ufundi zinashuka kutoka 1,400 hadi 600. Kwa familia nyingi za Wolfsburg, nafasi hiyo ndiyo aliyoingilia babu, akaingilia baba, na ndiyo fomu iliyo mezani sasa ikisubiri kujazwa na mtoto wa miaka kumi na sita.