Jina Moja Tu

Wimbo wa mjomba wangu umesikilizwa zaidi ya mara laki mbili kwenye mtandao mmoja mkubwa wa video. Kabla haujaanza linapita tangazo la sabuni, au la benki, inategemea uko wapi na ni siku gani. Kisha gitaa la rhythm linaingia, na hilo ni lake. Aliyeuweka hajulikani: akaunti ina picha ya santuri na jina la kubuni. Chini ya video watu wa Dar, Mombasa, Muscat na Minneapolis wanawaandikia wazazi wao waliokufa. Mjomba mwenyewe yuko Morogoro, anafuga kuku wa mayai. Tangazo la sabuni halijampa hata senti.

Nasoma shahada ya uzamili. Kwenye ukoo wetu hiyo ina maana kwamba kila karatasi yenye Kiingereza huletwa kwangu, iwe ya hospitali au ya kiwanja. Kwa hiyo binamu yangu alipomwonyesha mjomba ile video kwenye simu, jioni yake nilipigiwa. Hakuuliza habari ya pesa kwanza. Aliuliza kwa nini wameandika kwamba mtunzi ni mwimbaji.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Ukitaka kudai wimbo mtandaoni, au kuupeleka kwenye Spotify, Boomplay na kwingineko, unapitia kampuni ya usambazaji inayokufungulia ukurasa wenye visanduku vya kujaza. Jina la wimbo. Jina la msanii. Mwaka. Mtunzi. Mmiliki wa rekodi. Ukurasa huo umetengenezwa kwa ajili ya kijana mwenye kompyuta chumbani, ambaye anatunga, anaimba, anarekodi na kumiliki, yeye peke yake. Ni kweli kijana huyo yupo. Singeli ilikua hivyo hivyo, kwenye vyumba vya uswahilini vyenye kompyuta moja na feni, na watoto wanaokata vipande vya taarabu na kuvikimbiza hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za Sisso Studio ya Mburahati, na muda si mrefu vijana wa kule wakawa wanapiga kwenye majukwaa ya Ulaya. Miaka ya nyuma wangehitaji kumbembeleza mtangazaji na msambazaji wa Kariakoo kwanza. Kwa hiyo sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na kisanduku cha mmiliki, kinachotaka jina moja.

Muziki wa dansi haukuwa na mmiliki mmoja. Bendi nyingi kubwa zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina nayo ikabadilika: JUWATA, OTTU, hadi ikawa Msondo Ngoma tunayoijua. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 nayo ilikuwa na shirika nyuma yake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Gitaa la shirika, gari la shirika, mshahara mwisho wa mwezi. Mjomba aliingia bendi ya shirika moja la umma mwaka 1979, akiwa na miaka ishirini na mbili, na bado anausema mshahara wake wa kwanza kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mchumba.

Na wimbo ulitungwaje? Mjomba alikuja na maneno na sauti ya beti, alivipata kwenye treni akitoka Kilosa. Mpiga solo akamwambia beti ya pili imekaa kama kilio cha msibani, wakaigeuza. Mpiga bezi akaongeza mwendo. Halafu ikaja chemko. Asiyejua dansi aelezwe hivi: wimbo unatembea taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake chote, kisha unakatika na magitaa yanaanza kukimbizana. Watu walikuwa wanasubiri hapo ndipo wainuke. Chemko ya wimbo ule, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi kwenye maoni ya ile video, haikuandikwa na mtu. Ilipatikana jukwaani, usiku mmoja baada ya mwingine, kwa wiki kadhaa, mpaka siku moja wote wakajua imefika.

Kisha wakaenda kurekodi redioni. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa redio pekee Tanzania Bara wakati huo, na studio yake ndiyo iliyofikika. Nairobi kulikuwa na makampuni ya santuri, lakini mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Bendi nzima iliingia studio, ikapiga, mkanda ukabaki maktaba, wao wakarudi ukumbini kwao. Mjomba halalamiki juu ya hilo. Anasema bila mkanda ule wimbo ungekufa na walevi waliousikia. Ukisikiliza ile video mpaka mwisho kabisa, kabla haijakatika, unasikia nusu sekunde ya sauti ya mtangazaji akivuta pumzi aseme kitu. Yaani kuna mtu aliweka kaseti kwenye redio yake ya mkulima au ya kabwela, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaurekodi. Kaseti hiyo imezeeka, imehama nyumba, imeingia kwenye kompyuta ya mtu. Huyo mtu simchukii. Bila yeye tusingekuwa na cha kudai.

Katikati kuna miaka ambayo ninaipita haraka kwa sababu wimbo wetu haukuwemo: miaka ya wasambazaji wa Kariakoo, ambapo msanii wa bongo fleva alipewa kifurushi cha pesa na asijue kamwe zimechapwa kanda ngapi, halafu miito ya simu, ambapo angalau idadi ilijulikana, ila kampuni ya simu ilikata chake, mtu wa kati akakata chake, na msanii akapata kilichobaki. Halafu vibanda vya kujaza nyimbo kwenye memori kadi, nyimbo mia kwa bei ya soda, na dansi la zamani likiwa kwenye faili linaloitwa "zilipendwa" bila jina la mtu hata mmoja.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba sasa kila kitu kinahesabiwa, naelewa kwa nini wasanii wanafurahi. Ni kweli kinahesabiwa. YouTube ina mfumo, Content ID, tangu mwaka 2007, unaolinganisha sauti ya video mpya na sauti zilizosajiliwa, na mwenye usajili anaweza kuizuia video au kuchukua pesa ya matangazo yake. Lakini mfumo hauulizi nani alikuwa kwenye treni ya Kilosa. Unauliza nani amesajili. Spotify, ambayo ilifika Tanzania mwaka 2021, haina bei maalumu kwa kila usikilizwaji: mapato yanawekwa kwenye kapu, takribani theluthi mbili zinakwenda kwa wenye haki, na kila mmoja anachota kwa kadiri ya sehemu yake ya usikilizwaji wote. Msikilizaji wa Temeke analipa kidogo kuliko wa Oslo, basi naye anamletea msanii kidogo. Na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili hauchoti chochote. Nilimpigia mjomba hesabu hii kwenye karatasi, nikiweka makadirio ya juu na ya chini. Aliiangalia, akauliza kama makadirio ya juu yanafika bei ya mfuko wa chakula cha kuku. Yanafika, nikasema, na kuzidi kidogo.

"Basi hiyo pesa tusiigombanie sana," akasema. "Rekebisha jina."

Tatizo ni kwamba njia ya kurekebisha jina ni ile ile ya kudai pesa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mjomba yu hai, alileta maneno na sauti, na ningeweza kuandika jina lake pale kwenye mtunzi jioni moja, nikanywa chai. Nilimwambia hivyo.

"Mjomba," akanijibu, maana naye huniita mjomba, ndivyo tunavyoitana, "ukiniandika mimi peke yangu utakuwa umefanya alichofanya huyu wa kwenye simu. Yeye kamwandika mwimbaji, wewe unaniandika mimi. Solo ataandikwa na nani?"

Nilijaribu kumweleza tofauti ya mtunzi na mpigaji. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa nchi nyingine. Halafu akaomba kalamu, akaandika majina matano kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi ya hesabu yangu, na mbele ya kila jina chombo chake. Lake aliliweka la nne.

Programu ya usambazaji inaruhusu kugawa asilimia. Kila jina linataka anwani ya barua pepe na namba ya akaunti. Kati ya wale watano, wawili wako hai, na mmoja wao hasikii vizuri kwenye simu. Mwimbaji aliacha watoto Tanga, nimeshazungumza na binti yake, ambaye aliniuliza kwa ukali kwa nini tunataka kumwondoa baba yake kwenye wimbo. Imebidi nimtumie picha ya karatasi ya mjomba, jina la baba yake likiwa la kwanza, ndipo akapoa. Mpiga solo alifariki akiwa na mke aliyeolewa tena, na sasa tunajifunza mambo ya mirathi. Mpiga bezi hatujui. Mjomba anakumbuka kwamba kwao ni Ifakara, karibu na misheni, na kwamba kaka yake alikuwa fundi cherehani.

Nimepanga kwenda Ifakara mitihani ikiisha. Mjomba anataka twende wote, na ameshatafuta mtu wa kumwachia kuku.