Kumbe MC hakufulia, oili ndio ilikuwa chai ya maziwa

Wiki tatu zilizopita niliandika hapa kuhusu yule MC wa maharusi, jina kapuni kama kawaida yetu, aliyeonekana akishuka kwenye bajaji nje ya ukumbi na suti yake nyeupe. Nikaandika kafulia, Prado kauza. Mlicheka, na mimi nilicheka.

Kesho yake asubuhi kaka yangu akanipigia. Hakusalimia. "Dogo, wewe ndiye umeandika ule upuuzi? Prado la watu liko hapa gereji kwangu."

Nilihisi baridi. Kaka ni fundi, na yeye ndiye aliyefanya ovaholi ya lile gari. Ni ile 1KZ ya dizeli. Wenye nazo wanajua, ikichemsha mara moja hedi inapasuka. Ya MC ilipasuka kweli. Wakaweka hedi nyingine, ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya, gari likatoka linaunguruma vizuri tu. Siku ya kumi na moja MC anafungua mfuniko wa oili anakuta uji.

Sasa hapo ndipo maneno yalipoanzia. MC anasema fundi kala hela kaweka gasketi ya bei chee, na gari lisipopona watakutana kituo cha polisi. Juu yake imekuja posti yangu. Familia moja iliyompa kianzio cha harusi ikataka irudishiwe, eti MC aliyefulia asije akakimbia na hela yao. Yaani mimi na kibando changu cha mia tano nimeharibia watu wawili kwa mpigo. Nikaenda gereji siku hiyo hiyo, nikapewa tochi nishike.

Mafundi wa jirani walikuwa wamejaa, kila mtu na lake. "Gasketi hiyo, shusha hedi!" Kaka akagoma. Akasema akishusha hedi kwa kubahatisha na asikute kitu, gasketi nyingine ni hela yake, na ile ya ufundi ilishaenda kwenye kodi na ada ya mtoto.

Akaanza kwa kuhakikisha tatizo lenyewe lipo. Oili ikiwa nyeupe chini ya mfuniko tu, inaweza kuwa mvuke wa gari linalotembea safari fupi fupi na injini haipati joto la kutosha. Ila hapa dipstiki nzima ilikuwa chai ya maziwa, na oili ilipanda juu ya alama. Kaka akasema oili haizai, ikiongezeka ujue kuna mgeni. Gari lilikuwa limelala usiku kucha, kwa hiyo akalegeza bolti ya sampo taratibu. Kilichotangulia kutoka ni maji ya kijani, kulanti ile ile aliyoiweka mwenyewe. Maji ni mazito kuliko oili, gari likilala yanakaa chini.

Halafu akafungua rejeta. Juu kulikuwa na utando wa oili. Hapo akanyamaza kidogo.

Akaniambia gasketi ikifa mara nyingi unaona gari linachemsha, moshi mweupe nyuma, mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka. MC hakuwa na hata kimoja. Oili imeingia kwenye maji na maji yameingia kwenye oili, na moshi hakuna. Injini ikiwaka presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili inasukumwa kwenye maji. Ukizima, oili inatulia lakini rejeta bado ina joto na presha, maji yanarudisha kisasi. Na sehemu ambayo hivi vitu viwili vinapita karibu kabisa, vimetenganishwa na bati jembamba, ni oili kula, kale kadude ka ubavuni mwa bloku.

Akafunga pampu kwenye mdomo wa rejeta, akajaza upepo mpaka bar moja. Mshale ukawa unashuka polepole. Akatoa filta ya oili, akaniambia nimulike pale inapokaa. Tukangoja. Nilishachoka mkono ndipo nikaona tone la kijani, halafu lingine.

Oili kula ikatolewa, ikazibwa upande mmoja, ikatiwa kwenye ndoo ya maji na kupulizwa upepo. Mapovu kama soda! Wale wa "shusha hedi" wakaondoka mmoja mmoja.

MC alipofika jioni nilidhani mambo yameisha. Kaka angeweza kumwambia kosa ni lake, maana kabla ya ovaholi alikuwa anajaza maji ya bomba miaka yote, kutu imekula ndani. Na hilo alimwambia. Lakini akaongeza, "Bosi, hii oili kula ni ya zamani. Niliisafisha nikairudisha, nilipaswa kuipima na sikuipima." Nilitamani nimkanyage mguu. MC alimwangalia muda mrefu, akauliza tu mpya inapatikana wapi.

Aliinunua mwenyewe Gerezani. Kaka hakudai ufundi, na zile beringi za krenki zilipofunguliwa mbili zilikuwa na mikwaruzo, akazinunua kwa hela yake, maana maji hayalainishi chuma kama oili. Wakasafisha rejeta, oili wakamwaga mara mbili mpaka ikatoka bila weupe. Kama la kwako limepata hivi, usiliwashe hata kulisogeza, livute.

Ile posti nimeifuta. Familia ile ilishachukua MC mwingine. Nimemtumia huyu wetu meseji ya kuomba radhi, tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Jana kaka kanitumia picha ya dipstiki bila neno lolote, oili nyeusi tii.