Magari Makongwe ya Kaskazini Mashariki: Shahidi Asiye na Daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hiyo huwajia wengi akilini zinapotajwa fedha, mifugo au mashamba. Ni nadra mtu kuihusisha na gari bovu lililoachwa chini ya mgunga. Hata hivyo, katika Kaskazini Mashariki ya Kenya, kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera, gari kongwe ambalo halijaguswa na mkono wa mkarabati ni mali ya aina hiyo hasa. Historia ya eneo hilo iliandikwa kwa sehemu kubwa na watawala, si na wenyeji. Gari la namna hiyo linapokatwa vipande na kuuzwa kwa kilo, ushahidi ambao haukuandikwa popote huenda nalo.

Jijini Nairobi, magari ya kale yana heshima yake. Mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoasisiwa mwaka 1970, huwakusanya wenye magari yaliyosuguliwa yakang'aa, na waamuzi huchunguza hata usafi wa injini na wa tumbo la gari. Ni sanaa inayostahili sifa. Lakini gari lililorudishiwa ujana wake husimulia zaidi habari za kiwandani kuliko za barabarani. Lile lisilokarabatiwa husimulia maisha liliyoishi.

Injini ndiyo kiini cha usimulizi huo. Mnamo Februari 1941, majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalivuka mpaka kutoka pande za Garissa na Bura, yakaitwaa Kisimayu tarehe 14 na Mogadishu tarehe 25. Mwendo huo wa kasi ulitegemea malori. Magari ya deraya ya Marmon-Herrington, yaliyotumiwa na wanajeshi wa Afrika Kusini, yaliendeshwa kwa injini ya Ford V8 iliyozinduliwa mwaka 1932. Injini hiyo ina silinda 8, na valvu zake zimekaa ubavuni mwa silinda badala ya kukaa juu yake. Kwa mpangilio huo, moshi wenye moto hupitia ndani ya bloku yenyewe kabla ya kutoka nje, na joto jingi huishia katika maji ya rejeta. Katika nchi ya baridi hilo ni jambo dogo. Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 na visima viko mbalimbali, ni suala la uhai: dereva huamua iwapo maji yaliyosalia yatanywewa na watu au yatamiminwa katika rejeta. Petroli nayo huweza kuchemka ndani ya mrija kabla ya kufika kwenye kabureta, injini ikazima. Na dawa yake ni kitambaa kilicholoweshwa maji yale yale na kufungwa kwenye pampu.

Baada ya vita, mwaka 1948, ilizuka Land Rover yenye injini ya silinda 4 na ujazo wa lita 1.6, pamoja na hendeli ya kuwashia pale betri inapokufa. Kwa kuwa feleji ilikuwa adimu Uingereza, bodi lake liliundwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana bodi huweza kudumu hali fremu ya chini imekwisha kuliwa na kutu. Malori ya Bedford nayo, yaliyoanza kuundwa Luton mwaka 1931, yalisifika kwa injini ya petroli ya silinda 6 iliyokuwa rahisi kufunguliwa na makanika mwenye spana chache. Katika magari kama hayo, kila kiraka ni maandishi. Springi iliyoongezewa majani hueleza uzito wa magunia na ubovu wa njia. Ufa uliozibwa kwenye bloku hueleza siku ambayo maji yalikwisha. Kipuri cha gari moja kilichotiwa katika gari jingine hueleza ujuzi wa fundi ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote.

Ifahamike kwamba shahidi huyu hasemi mema tu. Vita vya Shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967, viliwafanya madereva kuyahofia mabomu yaliyofukiwa barabarani, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa huko Wajir, wakapakiwa katika malori na kupelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, ambako wengi waliuawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika maafa hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kwa wenyeji, basi, lori si chombo cha burudani. Lori lilileta unga, na lori lilimchukua baba. Kulipaka rangi mpya ili livutie macho ni kufunika nusu ya usemi wake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba tabianchi ya eneo hilo ingefaa kuyahifadhi magari haya. Mombasa, hewa ya chumvi huila metali upesi. Garissa, ukame huichelewesha kutu kwa miongo. Adui mkubwa huko ni moto wa gesi na mizani ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Sheria nayo haijamwona shahidi huyu. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Karl Benz alisajili gari lake mwaka 1886 tu. Ni dhahiri kuwa kigezo hicho hakiwezi kulifaa lori la jangwani. Sheria hiyo hiyo hulinda milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1946, na ni haki yake. Aidha, humpa waziri uwezo wa kukitangaza kitu chochote chenye thamani ya kihistoria kuwa chini ya ulinzi. Mlango wa kisheria upo, ila unangoja wa kuubisha.

Yupo atakayeuliza: familia iliyopoteza mifugo kwa ukame itakula kutu? Swali hilo ni la haki, na hakuna msomi mwenye idhini ya kumnyima mwenye mali shilingi zake. Wala gari linaloweza kutembea halipaswi kuzuiwa kutengenezwa, kwani matengenezo ya lazima ni sura nyingine ya historia yake. Linalodaiwa ni dogo zaidi: kabla ya kukatwa, gari lipigwe picha, nambari ya injini inakiliwe, na dereva aliyeliendesha asikilizwe.

Kazi hiyo inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Mhariri wa utenzi wa kale hathubutu kuusafisha muswada kwa kufuta tahajia ya mnakili. Hujua kwamba makosa na madoa nayo ni habari. Nidhamu hiyo hiyo yafaa kwenye gari. Aidha, magari yalikuja na msamiati wake: gari lenye asili ya Kihindi, lori na motokaa kutoka Kiingereza, taniboi na rejeta zilizofinyangwa vinywani mwa wafanyakazi, na baabuur ya Kisomali, neno ambalo mizizi yake ni mvuke wa meli. Wazee waliozungusha hendeli wanapungua kila mwaka. Lori likishakatwa na mzee akishazikwa, jina la kiungo hubaki bila mwili, na neno lisilo na mwili halikawii kufa.