Swali Moja la Alfajiri

"Mlimlalia?"

Hilo ndilo swali pekee aliloulizwa mdogo wangu alfajiri ile alipomfikisha mwanawe wa miezi mitatu katika kituo cha afya, mwili ukiwa umekwisha kupoa. Tabibu wa zamu hakungoja jibu. Aliandika kwamba mtoto amefikishwa akiwa amefariki, akagonga muhuri, nasi tukaenda kuzika.

Nilikuja kulikumbuka swali lile nilipokuwa nikiandaa mhadhara kuhusu ushahidi na haki. Mwaka 1999 mahakama ya Uingereza ilimfunga maisha wakili Sally Clark kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Profesa Roy Meadow alidai kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni mmoja kati ya milioni 73. Alizidisha tarakimu kana kwamba ndugu wa tumbo moja hawarithi chochote pamoja. Clark aliachiwa 2003, akafariki 2007. Mwaka 2004 jopo la Helena Kennedy lilitaka daktari wa watoto achukue historia mapema, kisha yeye na polisi wafike pamoja mahali mtoto alipolala.

Ndugu msomaji, historia hiyo haianzi na tuhuma. Huanza na "Pole, mama, tusimulie jana ilivyokuwa." Kisha: nani alimwona hai mara ya mwisho? Alilazwa chali au kifudifudi, juu ya nini, akafunikwa nini, akakutwa vipi? Alizaliwa njiti? Alikuwa na mafua? Nani huvuta sigara nyumbani? Katika ukoo yupo aliyeanguka na kufa akiwa kijana? Kitaalamu, kifo cha namna hii hakiitwi kisicho na sababu mpaka historia, mahali pa tukio na uchunguzi wa maiti vyote vishindwe kutoa jibu. Sisi hatukupata hata hicho cha kwanza. Nami, msomi wa familia (nilikuwa na shahada mbili wakati huo), nilisimama pale kimya.

Mwaka jana hatimaye nilimwuliza alimlaza vipi.

"Kifudifudi, kaka. Tumbo lilikuwa likimsumbua. Na hakuwa hata kitandani kwangu. Alikuwa kwenye kigodoro chake."

Nilijua kwamba Uingereza, baada ya kampeni ya 1991 ya kuwalaza watoto chali, vifo hivi vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Sikumwambia. Nilimwuliza kama mtoto alikuwa na mafua. Akasema ndiyo, siku mbili, tukaendelea kuzungumza hadi chai ikapoa.